ImgBurn au HandBrake kwa DVD zako za harusi?

Wengi wanachanganya programu hizi mbili za kompyuta, zote bure lakini kazi tofauti kabisa. ImgBurn inabeba DVD nzima kama ilivyo, menyu na kila kitu, inakutolea faili moja la ISO (yaani nakala kamili ya diski), DVD ya kawaida inaingia GB 4.7 na ya leya mbili 8.5 kwa hiyo diski ya kompyuta iwe na nafasi, halafu siku ukitaka unachoma (unaandika) DVD nyingine kutoka humo na usisahau kuweka tiki kwenye Verify maana inasoma tena diski kuhakikisha hakuna kilichoruka. Ni ya Windows, toleo la mwisho 2.5.8.0 ni la 2013 ila bado inapiga kazi vizuri tu.

HandBrake yenyewe haichomi diski. Inageuza video iwe MP4 au MKV (faili za kawaida za video), faili linapungua sana unalirusha kwenye fleshi au simu, ila menyu zinapotea na ubora unashuka kidogo. Ipo Windows, Mac na Linux.

Mimi kwa mkanda wa harusi naanza na ISO kwanza jamani, MP4 utaitengeneza kutoka humo humo wakati wowote, ila MP4 hairudi kuwa DVD ile ile.