Kazi za mtandaoni kwenye mashirika ya Kiyahudi, maoni yangu nikiwa Kigoma

Wadau, watu wengi wananifuata inboksi kuniuliza kuhusu hizi kazi, nimeona niandike hapa mara moja kila mtu asome. Mimi nafanya kazi ya mkataba kwa shirika moja la misaada la Kiyahudi la Marekani, jina naliacha, kazi yangu ni kuandika ripoti za wafadhili, kusaidia maandiko ya miradi na kusafisha databesi ya wachangiaji, nafanyia nyumbani Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini. Kabla ya hapo nilikuwa kwenye mashirika ya wakimbizi kule Kasulu mpaka pesa za Marekani zilipositishwa Januari 2025, na walionizunguka wanajua ilivyokuwa, watu walirudi mjini na barua mkononi wengine wana mikopo benki. Kwa hiyo nayaandika haya nikimfikiria mtu kama yule, ana uzoefu, anaandika Kiingereza kizuri, ana kompyuta yake, na hapa mkoani hakuna kazi.

Kazi yenyewe naipa nyota nne kati ya tano. Matangazo yake nyota mbili tu na sababu nitaieleza kwa urefu maana ndipo watu wetu wanapoteza muda.

Kwanza haya mashirika ni mengi na hayafanani. Kuna yanayohudumia Wayahudi wenyewe, kwa mfano zile federesheni za miji ya Marekani na Kanada, ziko zaidi ya 100, zinakusanya michango na kuigawa kwa wazee, shule na vituo vya jamii. Kuna Hillel ya wanafunzi wa vyuo vikuu, ipo tangu 1923. Halafu kuna yanayofanya kazi nje ya nchi zao, na hayo ndiyo sisi tunayaelewa haraka, JDC, yaani American Jewish Joint Distribution Committee, ilianza 1914 pale balozi wa Marekani kule Constantinople (Istanbul ya leo), Henry Morgenthau, alipopeleka telegramu New York akiomba dola 50,000 za kuwanusuru Wayahudi wa Palestina Vita Kuu ya Kwanza ilipowakatia njia za riziki. HIAS asili yake ni New York 1881, kupokea Wayahudi waliokuwa wanakimbia mateso ya Urusi, leo inahudumia wakimbizi wa dini yoyote. American Jewish World Service ya 1985 inatoa ruzuku kwa vikundi vya haki za binadamu kwenye nchi kama zetu. London kuna World Jewish Relief ya 1933, hao walikuwa kwenye ile kazi ya kuwatoa watoto karibu 10,000 kwenye mikono ya Wanazi na kuwaleta Uingereza kabla ya Vita Kuu ya Pili. Mimi historia hii niliisoma kabla ya intavyuu na ilinigusa kweli, kwa sababu mtu aliyekaa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, anaelewa bila kufundishwa maana ya watu kukusanyika kuwabeba wenzao waliofukuzwa kwao.

Pa kutafutia sina mengi, tovuti ya JewishJobs ndiyo wanayoitumia zaidi, ipo tangu 2001, kuangalia ni bure, halafu nenda kurasa za ajira za shirika moja moja. Hayo yanayofanya kazi nje yanatangaza pia kwenye tovuti ya ReliefWeb ambayo watu wa kambini wote wanaijua.

Sasa shida. Tangazo linaandikwa kazi ni ya kufanyia popote, mtu wa Kigoma anafurahi, anakesha anaandika barua, anatuma, kimya. Kumbe ukishuka chini kabisa kwenye mstari wa mahali au wa masharti wamesema lazima uwe na kibali cha kufanya kazi Marekani, au wametaja majimbo kabisa. Popote yao ni popote ndani ya Marekani. Na si ubaya wa roho, ni sheria za kodi, bima ya afya na mishahara, shirika likiajiri mtu jimbo jipya tu lazima lijisajili huko, sembuse nchi nyingine. Lakini wangeweza kuandika juu kabisa kwa herufi kubwa, inamuumiza mtu aliyenunua bando kwa hela ya chakula. Ushauri wangu, usianze na maelezo ya kazi, anza na mahali, ukikuta kibali cha Marekani funga ukurasa hapo hapo bila kusikitika, nenda lingine.

Milango yetu ninayoiona ni miwili. Mmoja ni mkataba wa kazi maalumu, yaani wanakulipa kama mtoa huduma, hapo haijalishi uko wapi ilimradi kazi ifike. Kuandika maandiko ya miradi, ripoti, kutafsiri, uhasibu mdogo, takwimu, kurasa za mitandao. Wa pili ni mashirika yenye programu Afrika ambayo yanaajiri kupitia ofisi zao za kanda au kupitia kampuni za kati zinazoajiri kwa niaba yao, kama Deel. Ajira kamili ni chache, sitaki kumdanganya mtu. Ila ukitaka kujiweka tayari jifunze databesi za wachangiaji, Salesforce wana mafunzo ya bure mtandaoni yanaitwa Trailhead, na Raiser's Edge utaikuta kwenye matangazo mengi sana, mtu anayejua hiyo na anayeweza kuandika barua ya shukrani kwa mchangiaji isiyo na makosa anatafutwa.

Kitu ninachokipenda na ningetamani kiigwe huku ni mshahara kuandikwa kwenye tangazo. Colorado walianza kulazimisha kwa sheria 2021, jiji la New York Novemba 2022, California 2023, na kwa kuwa mashirika mengi yako huko basi unaona kabisa kiwango cha chini na cha juu. Sisi tumezoea "mshahara mnono kulingana na uzoefu", unakwenda intavyuu hujui hata useme nini. Hata kama wewe ni wa mkataba kile kiwango kinakusaidia kujua bei ya kazi yako ili usijiuze kwa hela ya vocha.

Saa za kazi hapa msome taratibu hasa akina mama. New York wakianza saa tatu asubuhi yao, huku kwetu ni saa kumi jioni kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Novemba, baada ya hapo wanarudisha saa nyuma inakuwa saa kumi na moja jioni, kwa hiyo siku kamili ya ofisi inakuishia saa sita au saa saba usiku. California ndiyo usiseme, unamaliza alfajiri wavuvi wa Kibirizi wanarudi na karabai zao. London ni rahisi sana, wao wakianza sisi ni saa tano au saa sita mchana. Israel ndiyo tunaendana kabisa, majira ya joto saa ni ile ile, ila wiki yao inaanza Jumapili mpaka Alhamisi. Mimi nilikubaliana na bosi wangu kwamba vikao viwe saa mbili za mwanzo za kwao na kilichobaki nafanya asubuhi yangu watoto wakiwa shule, na walikubali bila maneno. Uliza hilo mapema, usiogope.

Na kalenda yao sasa. Ijumaa wengi wanafunga mapema maana Shabbat, siku yao ya mapumziko, inaingia jua likizama, na hadi giza liingie Jumamosi hakuna imeili wala simu. Kwangu hii ndiyo raha kubwa kuliko zote, nimefanya kazi mashirika mengine ambako Jumamosi unapigiwa simu ya ripoti kana kwamba huna familia. Na ndugu zetu Wasabato ambao ni wengi mkoa huu na kila mwaka wanapambana na waajiri kuhusu Jumamosi, nawaambia kwa dhati hili ni eneo ambalo hamtahitaji kuomba ruhusa. Septemba na Oktoba kazi inasimama simama, Rosh Hashanah yaani mwaka mpya wao siku mbili, Yom Kippur siku ya kumi ya mwaka huo, halafu Sukkot, sikukuu ya vibanda, wiki nzima, kwa hiyo ukituma maombi kipindi hicho usipojibiwa usikate tamaa, subiri. Yom Kippur ni siku ya kufunga na toba, usimtumie mtu imeili ya kumkumbusha malipo siku hiyo tafadhali. Baada ya hapo jipange, Novemba na Desemba ni moto, kuna GivingTuesday, siku ya kuhamasisha watu kuchangia, ambayo ilianzishwa 2012 na kituo cha jamii ya Kiyahudi hapo hapo New York, 92nd Street Y, na sasa inafanywa na mashirika ya kila aina duniani, halafu watu wanakimbizana kuchangia kabla ya tarehe 31 Desemba kuisha kwa sababu ya nafuu ya kodi. Kipindi hicho nalala kidogo na mume wangu analijua hilo.

Kijana mmoja wa Ujiji aliniamkia vizuri kabisa akaniuliza, "Shikamoo dada, wanachukua hata Mwislamu?" Nikamwambia marahaba mdogo wangu, wanachukua, kwenye timu yangu kuna Wakristo na Waislamu, nafasi zinazodai uwe Myahudi ni za mafundisho ya dini na uongozi wa ibada na tangazo litasema. Lakini nilimwambia na jambo lingine zito. Kuna mashirika kazi yao ni kuitetea Israel kisiasa na kuna ambayo hayagusi kabisa, yapo pia ya Kiyahudi yanayoikosoa serikali ya Israel waziwazi, na baada ya tarehe 7 Oktoba 2023 na vita ya Gaza hakuna anayeweza kujifanya hilo halipo, sisi wenyewe Watanzania tulizika vijana wetu waliokuwa Israel kwa mafunzo ya kilimo. Soma malengo ya shirika mwanzo mpaka mwisho, angalia wanagawa pesa wapi, kama dhamira yako inakataa usiombe kwa ajili ya dola. Swali la kwa nini unataka kufanya kazi nao watakuuliza kwenye intavyuu na wanajua jibu la kukariri.

Barua ya maombi wanaisoma kweli, halafu watakupa jaribio la kuandika, mashirika mazuri yanalilipia. Wanaitana kwa majina ya kwanza hata mkurugenzi, mimi ilinichukua muda maana kumwita mtu mwenye mvi jina lake tupu si malezi yetu, lakini wakisema niite hivi, mwite.

Umeme huku ni afadhali tangu tuunganishwe na gridi ya taifa, zamani mji mzima ulitegemea majenereta ya dizeli, ila bado unakatika na mara nyingi jioni ndiyo muda wa vikao. Nunua betri ya sola na uwe na laini mbili za mitandao tofauti, hilo halina mjadala.

Malipo: unatuma ankara mwisho wa mwezi, unajaza fomu ya kodi ya Marekani ya W-8BEN inayoonyesha wewe si Mmarekani, ukiletewa W-9 irudishe hiyo ni ya kwao. Pesa naipokea benki kwa uhamisho wa kimataifa, makato yapo, hakikisha mkataba unasema nani anayabeba. TIN ukate TRA mapema na mapato uyatangaze. Na hakuna shirika hata moja la kweli kati ya haya linaloomba hela ya fomu, ya usajili wala ya mafunzo, wapo matapeli wameshaanza kutumia majina yao kwenye magrupu ya WhatsApp ya hapa mjini, mtu akikwambia tuma kwa namba hii ili jina lako lipitishwe, mbloki na uwaambie wenzako kwenye grupu siku hiyo hiyo.