TAHADHARI: Watoto wa mbwa wa mbio wanaouzwa kwa vyeti vya afya visivyo vyao

Jamani, kabla hujatuma arbuni ya Greyhound, Whippet, Borzoi, Saluki au Irish Wolfhound, soma hapa kwanza. Kuna utapeli unaowanasa hata watu makini, kwa sababu muuzaji haji mikono mitupu: anakuja na makaratasi. Tangazo linasema "wazazi wamepimwa kila kitu", nasaba ya vizazi vitano imeambatanishwa, na cheti kina muhuri. Ukichunguza, cheti ni cha mbwa mwingine, au ni cha kipimo kisichogusa kabisa magonjwa ya mbegu hiyo ya mbwa.

Anza na namba ya chipu, kile kifaa kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi ya mbwa. Chipu za kiwango cha kimataifa zina tarakimu 15, na namba ile ile lazima uione mahali patatu: kwenye kifaa cha kusomea chipu kikipitishwa shingoni na mabegani mwa mama, kwenye karatasi ya usajili, na kwenye cheti cha kipimo chenyewe. Wauzaji hawa hupiga picha cheti kikiwa kimekunjwa, au kidole gumba kimefunika sehemu ya namba tu, huku maneno mengine yote yakisomeka vizuri. Ukiomba picha kamili unaambiwa ni "siri ya mteja". Hakuna siri hapo. Mfugaji anayepima mbwa wake hukutumia cheti chote kabla hujamaliza kuuliza.

Vipimo vilivyosajiliwa OFA, taasisi ya Marekani inayotunza matokeo ya vipimo vya afya vya wanyama, unaweza kuvitafuta mwenyewe kwenye tovuti yao kwa jina au namba ya usajili wa mbwa. Ila zingatia mambo mawili. Mwenye mbwa anaweza kuchagua matokeo mabaya yasionyeshwe hadharani, kwa hiyo kipimo unachoambiwa kimefanyika halafu hakionekani, kidai kwa maandishi. La pili ndilo linalowaingiza wengi mjini: namba ya CHIC, ambayo mbwa hupewa kupitia OFA, haimaanishi amefaulu. Inamaanisha vipimo vinavyotakiwa kwa mbegu yake vimefanyika na matokeo yamewekwa wazi, yawe mazuri au mabaya. Fungua kila tokeo ulisome. Na kwa nyonga, daraja la mwisho la OFA hutolewa mbwa akishatimiza miezi 24. Picha ya eksirei ya kabla ya hapo ni ya awali tu.

Neno "DNA imepimwa" pekee halina uzito wowote. Kuna DNA ya rangi ya manyoya, kuna ya kuthibitisha wazazi, na kuna ya ugonjwa. Muulize kwa jina la ugonjwa. Kwa Greyhound, uliza kuhusu ugonjwa wa neva unaotokana na jeni ya NDRG1, ambao humlegeza miguu mbwa angali mdogo. Kwa Scottish Deerhound, uliza upungufu wa faktari VII ya kugandisha damu. Kwa Sloughi, uliza ugonjwa wa kufa kwa retina. Magonjwa haya hurithiwa pale mtoto anapopata jeni mbovu kutoka kwa baba na mama pia. Mbebaji ni mbwa mwenye jeni mbovu moja tu, haugui mwenyewe; mbwa safi hana hata moja. Ukimpandisha mbebaji kwa mbebaji, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 25 wa kuugua. Mbebaji kwa mbwa safi, hakuna mtoto atakayeugua. Kwa hiyo mfugaji anayekwambia waziwazi "mama ni mbebaji, nimemtafutia dume safi" ni wa kuaminika kuliko anayedai mbwa wake wote ni safi bila karatasi. Kuwaondoa wabebaji wote kwenye uzazi ovyo hupunguza utofauti wa damu wa mbegu ambayo tayari ina damu finyu.

Moyo ndio eneo la hatari zaidi kwa Irish Wolfhound. Misuli ya moyo hupanuka na kudhoofika, mara nyingi mapigo yakivurugika kabla dalili hazijaonekana, na ugonjwa huu huja mbwa akishakua. Cheti kinachosema "moyo mzuri" baada ya daktari kusikiliza kwa stethoskopu hakitoshi. Unataka ultrasaundi ya moyo pamoja na ECG (kipimo cha umeme wa moyo), zifanywe na daktari wa mifugo mwenye utaalamu wa moyo, na zirudiwe kila mwaka. Dume aliyepimwa akiwa na miaka 2, na sasa ana 5 bado anapandisha, hana kipimo. Soma tarehe kabla ya kusoma tokeo.

Wolfhound na Deerhound wana jambo jingine: mshipa usio wa kawaida unaoipitisha damu pembeni ya ini. Sumu ambazo ini lingezisafisha zinafika kwenye ubongo, na mtoto anadumaa, anapumbaa baada ya kula, wengine wanapata degedege. Hugunduliwa kwa kupima asidi za nyongo kwenye damu, mara moja akiwa na njaa na tena saa 2 hivi baada ya kula. Hiki hupimwa kwa kila mtoto kabla ya kuuzwa. Cha wazazi hakimkingi. Anayekuhimiza umchukue mtoto ana wiki 5 au 6 anakimbia kipimo hiki, na anamnyima mtoto muda wa kukaa na mama yake.

Kuhusu "rangi adimu" kwa bei ya juu: Whippet wa merle (manyoya yenye mabaka yaliyopauka juu ya rangi ya msingi) kataa. Viwango vya mbegu hiyo Uingereza vinaikataa rangi hiyo, na ukipandisha merle kwa merle, robo ya watoto kwa wastani hupata jeni mbili, na hao wako kwenye hatari kubwa ya kuzaliwa viziwi au na kasoro za macho.

Kabla ya senti yoyote, omba simu ya video ya moja kwa moja: mama akinyonyesha, kifaa kikisoma chipu yake, namba ikisomwa kwa sauti. Akianza visingizio vya mtandao au kukutumia video iliyorekodiwa, achana naye. Vivyo hivyo ikianza kuja ada moja baada ya nyingine, ya kreti, ya bima, ya "karantini itakayorudishwa".

Kama umeshalipa, usitume tena hata kidogo. Hifadhi mazungumzo, risiti na picha za vyeti, piga simu benki au kampuni ya miamala siku hiyo hiyo, na uitumie maabara au taasisi iliyotajwa nakala ya cheti ili waseme kama ni chao. Kama mtoto wa mbwa tayari yuko nyumbani, mpeleke akapimwe chipu na asidi za nyongo wiki hii, na ikionekana ana tatizo watafute walionunua ndugu zake wa uzao huo muwape taarifa.