Toledo kwa miguu: mji nyota tano, ziara ya kikundi nyota mbili

Jamani wenzangu wa Unguja na Pemba mlioko Hispania kwa masomo ama kazi, mkipata siku moja ya kutoka Madrid nendeni Toledo, treni ni kama nusu saa tu, ila msilipie zile ziara za kikundi kama niliyolipia mie. Mtembezaji wetu mkarimu, anaongea vizuri, lakini mbio! Mji uko juu ya kilima, njia za mawe, watu wazima nyuma wanahema, halafu tukaingizwa duka la mapanga tukakaa humo kuliko kwengine kote, kila mtu anabembelezwa anunue. Sikupenda kabisa.

Na kilichoniuma hasa ni msikiti wa Bab al-Mardum, siku hizi unaitwa Cristo de la Luz maana mfalme Mkristo Alfonso wa Sita aliuteka mji 1085 na baadae ukafanywa kanisa. Tuliuona kwa nje, piga picha, twende. Nikarudi peke yangu, kiingilio euro chache, na wallahi hapo ndo nimeiona Toledo. Kijumba kidogo, nguzo nne, juu kuba tisa na kila moja mbavu zake zimepitana kivyake, hazifanani hata mbili. Nje ukutani matofali yenyewe yamepangwa yakawa maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa herufi za Kiarabu, inaanza bismillahi, kisha Ahmad ibn Hadidi aliyeujenga kwa mali yake akitaraji thawabu, Muharram 390 Hijria, yaani kama 999 Miladia. Nilisimama nikiyafuata herufi kwa herufi mpaka shingo ikauma. Hapaswaliwi, ni pa kutazama tu.

Vichochoro visikutisheni, aliyekulia Malindi ama Shangani atatembea tu, na mto Tajo umeuzunguka mji pande tatu kwa hivyo ukipotea shuka mpaka uuone. Wazee wapandisheni kwa ngazi za umeme za Recaredo. Nguruwe wako kila mkahawa, ulizeni kabla, ila mazapán ni lozi na sukari, tamu mno.

Na nyie mnaotembeza wageni Mji Mkongwe, mkifika Hamamni, kwenye bafu za kale, waacheni watu watizame, duka la vinyago halikimbii.

Mkienda Julai tokeni asubuhi mapema, mchana joto linafika digrii 40 na vivuli ni vya kugombania.