Njia za John Muir, Wisconsin: hizi sufuria za barafu ndo zimenitoa Chicago alfajiri

Wadau, salama? Mnanisikia? Leo kuna upepo na hii maiki mpya bado sijaizoea, kwahiyo pale sauti ikikwaruza niandikieni ni dakika ya ngapi, nasoma zote. Niko Wisconsin, hapa La Grange, parkingi ya njia za baiskeli za John Muir kwenye barabara ya H. Nimetoka Chicago saa kumi na moja alfajiri, barabara ilikuwa tupu, saa moja kamili nishafika na gari ni mbili tu. Ile video ya Jumatano mtanisamehe, kuanzia sasa zinatoka Jumamosi, nimeshindwa kuedit katikati ya wiki na shifti za usiku.

Sasa leo sichambui baiskeli. Baiskeli ni ileile ya siku zote, tairi za inchi 29, shokapu mbele na nyuma, niliinunua used dola 900, nimeshaieleza kwenye video mbili, sirudii. Leo nachambua njia yenyewe. Maana kila wiki mtu ananiuliza, kaka huku Illinois ni tambarare kama meza, unapanda wapi? Na mimi nasema njooni hapa.

Haraka haraka kwa wageni. Hii ni Kettle Moraine, upande wa kusini, msitu wa jimbo. Njia ni za duara na kila duara ina rangi yake, nyekundu ndo fupi, ya bluu ndo ndefu, kama maili 10 hivi, sawa na kilomita 16. Zote zinakwenda uelekeo mmoja, kwahiyo hukutani na mtu anakushukia usoni, na hiyo kwangu ni pointi kubwa sana kuliko hata mandhari. Malipo, kuanzia miaka 16 unalipia pasi ya njia, dola 5 kwa siku au 25 kwa mwaka, halafu gari nayo ina stika yake, na ukija na pleti za jimbo lingine kama mimi stika inakuwa juu zaidi. Mimi nimekata ya mwaka. Nikija mara tano pasi imeshajilipa, na mimi tangu mwezi wa nne nimekuja zaidi ya hizo.

Haya, tuingie. Nawasha kamera ya kwenye helmeti.

Mnaona hapa mwanzo ni msitu, hii miti mikubwa ni mialoni, na chini ni majani na magome. Halafu ghafla, ngojeni, hapa, msitu unafunguka, mnaona? Nyasi. Hizi ndo wanaita preri. Mwezi huu wa tisa nyasi zimeshanipita kichwa na mimi niko juu ya baiskeli, rangi yake kama ya shaba hivi, ukipita zinakupiga mabegani. Mwezi wa nne nilivyokuja kuna kipande nilikikuta cheusi tii, kimeungua chote, nikadhani moto umewashinda, kumbe wanachoma wenyewe watu wa maliasili wa jimbo, kwa mpango. Na mtu aliyekulia Arusha kama mimi anaelewa mara moja, wafugaji kwetu nao wanachoma nyika ili majani mapya yatoke. Hapa usipochoma vichaka vinakuja vinafunika preri yote ndani ya miaka kadhaa. Mwaloni mkubwa hauungui, gome lake nene, na nyasi mizizi yake iko chini kabisa, moto unapita juu tu. Kwahiyo hii sura ya msitu-nyasi-msitu mnayoiona kwenye skrini moto ndo umeitengeneza, na nakwambieni kuipanda ni raha, unatoka kwenye kivuli unaingia juani, jicho linapigwa kidogo, unarudi kivulini. Miwani myeusi usije nayo lakini, ukirudi kwenye kivuli huoni mawe.

Na kupe. Nisisahau kupe. Ukimaliza jikague nyuma ya magoti, kiunoni, huku kwenye nywele, kupe wa Wisconsin wanabeba ugonjwa wa Lyme, huo si wa kuchezea. Soksi ndefu, tafadhali.

Sasa kilichonileta. Simameni hapa na mimi. Mnaona hili shimo? Kamera inalifanya lionekane dogo, zamani niliumia sana na hilo, kila video shimo linaonekana kama bakuli la uji. Ni refu hili. Njia inashuka mpaka chini kabisa halafu inapanda upande wa pili palepale, hakuna pa kupumzika. Haya mashimo ndo wanayaita kettle, yaani sufuria, na ndo jina la msitu wote. Kwetu Arusha tunayo Ngurdoto, ile kreta, lakini ile ni ya volkano. Hii ni ya barafu. Enzi ya barafu ilivyokuwa inaisha, zaidi ya miaka elfu kumi iliyopita, barafu mbili kubwa zilikuwa zimekutana ukanda huu, moja inatokea upande wa Green Bay moja upande wa Ziwa Michigan, zikarundika mchanga na mawe katikati yao. Mapande makubwa ya barafu yakafukiwa humo ndani. Yalivyoyeyuka juu pakadidimia, shimo likabaki. Ndo maana Illinois nzima ukitafuta kilima unahangaika, ukifika hapa unapanda na kushuka hadi mapaja yanalia.

Nitaishuka mara tatu, angalieni tofauti.

Ya kwanza nafanya kwa makusudi kama wengi wanavyofanya wakija mara ya kwanza. Nashuka breki zimeshikwa, breki, breki, breki, nafika chini nimepoa kabisa, sasa naangalia juu, gia bado nzito, nakanyaga, mnasikia cheni? Hiyo krak krak ni cheni inalazimishwa kubadilisha gia chini ya uzito. Nimesimama. Nashuka, nasukuma kwa mguu. Hivyo ndivyo cheni zinavyokatika, na watu wanasema njia mbaya.

Ya pili. Kabla sijaanza kushuka, siti chini. Nguzo yangu ina kitufe hapa kwenye usukani, nabonyeza inazama. Kuna duka moja waliniuzia nguzo ya siti ikawa inakwama katikati, wiki mbili nashuka nayo imenichoma tumbo, nikairudisha, nikaweka hii na mpaka leo haijanisumbua, hiyo nitaitengenezea video yake. Siti chini, nimesimama juu ya pedeli, magoti yamekunjwa, viwiko nje. Breki nagusa juu tu, hapa mwanzoni, nikishaona njia iko wazi naachia. Naachia kabisa! Na huku nashuka navuta gia nyepesi, kidole kinafanya kazi wakati miguu haikanyagi kwa nguvu. Chini pale breki ya mbele usiiguse, hayo mawe ni ya mviringo, yalisagwa na barafu na maji yake, yanabingirika chini ya tairi, ukikamata breki ya mbele tairi inakwenda zake kushoto wewe unakwenda kulia. Naegemea, nakandamiza miguu pale chini kabisa, halafu mwendo wenyewe unanibeba, nusu ya kilima sijakanyaga kitu. Mnaona? Nusu nzima! Ndo naanza kuzungusha, nakaa ncha ya siti, kifua karibu na usukani ili tairi ya nyuma ing'ate na ya mbele isinyanyuke. Niko juu.

Ya tatu nimeweka kamera kifuani muone mikono. Sikilizeni pumzi tu, siongei.

...

Hiyo. Hiyo ndo raha ya hapa, na siipati kwingine. Saa yangu inasema chini nilikuwa kilomita 34 kwa saa, na nimefika juu bado moyo haujapaa. Ukishaelewa sufuria moja, duara ya bluu yote inabadilika, inakuwa kama unapumua, shuka panda, shuka panda.

Kitu nisichokipenda, na hapa sifichi, ni hayohayo mawe. Kwenye miinuko ya bluu kuna vipande yamelegea, ukubwa wa ngumi, na mwisho wa kiangazi udongo ukikauka ndo yanakuwa mengi, mwaka huu nimeyaona mengi kuliko mwaka jana. Mimi nashusha upepo mpaka psi 22 nyuma, na tairi zangu ni tyubulesi, yaani hazina tyubu ndani. Ukiwa na tyubu usishushe hivyo, jiwe litabana tyubu kwenye rimu utatoboa. Kwahiyo anayeanza leo kabisa, sikushauri bluu. Anza nyekundu, halafu nyeupe, ukiona umezoea ndo usogee. Nilikuwa nataka kutoa tisa kwa kumi, ila kwa anayeanza naona nane. Ngoja tutarudi hapo.

Najua mtaniuliza Palos. Palos ni pale karibu na Chicago, msitu wa kaunti ya Cook, hulipi kitu, na mimi naipenda, jioni baada ya kazi naenda palepale. Ila udongo wake ni mfinyanzi. Mvua ikinyesha unakaa siku nzima na zaidi unasubiri, ukipanda na tope unaharibu njia, tairi linachonga mfereji na mfereji ukikauka unabaki hivyo. Hapa chini ni mchanga na kokoto, maji yanazama haraka. Juzi Alhamisi imenyesha na leo mnaona, vumbi. Pamoja na hayo angalia kwanza tangazo kabla hujaendesha, pakiwa pameloa sana wanafunga, na mwisho wa baridi barafu ikiyeyuka ardhini wanafunga pia.

Na Cuyuna, Minnesota, kuna jamaa wananiandikia kila siku kuhusu njia za huko. Nimefika Cuyuna. Ni migodi ya chuma ya zamani, njia zimefunguliwa 2011, udongo mwekundu, nilivyorudi hotelini viatu vyangu vilikuwa na rangi ileile ya vumbi la nyumbani, nilikaa navitazama muda mrefu. Njia zake ni laini, zimechongwa kwa mashine, kona zimeinuliwa vizuri. Ila kutoka Chicago ni zaidi ya saa nane kuendesha. Hapa ni saa mbili, nakula chakula cha mchana nyumbani na wanangu.

Kwahiyo narudi kwenye maksi. Tisa. Naacha tisa, maana anayeanza ana nyekundu na nyeupe zake, siwezi kuipunguzia njia kwa kosa la mtu kukimbilia bluu.

Ah, na jina, kuna aliyeuliza wiki iliyopita. John Muir alikuwa Mskochi, aliletwa Wisconsin 1849 akiwa na miaka 11, akakulia shambani jimbo hilihili, baadaye ndo akawa mtetezi mkubwa wa misitu huko California.

Betri ya kamera imebaki asilimia 18. Kuna kipande kinachounganisha hapa na njia za Emma Carlin, karibu na Palmyra, kama maili 5 kwenda tu, sijawahi kukipanda chote na nasikia mawe yake ni zaidi ya haya. Maji ninayo lita mbili, tyubu ya akiba ninayo. Siti chini. Twendeni.