Jiko la kuweka jikoni padogo: lisongee ugali kabla hujalipa

Jikoni kwangu Buhongwa pamekwisha, na ni padogo kuliko nilivyochora. Kona nzima imeliwa na jiwe ambalo fundi alilipiga nyundo siku mbili akanyoosha mikono. Aliyejenga Mwanza ananielewa. Kaunta ikabaki mita moja na nusu, na sinki humo humo. Jiko la kusimama lenye oveni likawa limenipita. Nikashuka mjini, nikanunua la mezani la pleti mbili, kioo cheusi juu, 85,000 baada ya kubembelezana. Linang'aa mpaka unajiona.

Jioni ya kwanza nikabandika ugali wa watu saba. Maji yakachemka, unga ukaingia, nikashika mwiko. Nikikandamiza, sufuria inakwenda. Nikaibana kwa kitambaa, sasa linakwenda jiko zima, linateleza kwenye vigae hadi mpira wa gesi ukakaza. Mwanangu akaja kulishika upande wa pili kama tunashusha friji kwenye gari. Nikazima moto, nikamalizia chini. Ukatoka madonge matupu, na sato wetu tukamla hivyo hivyo.

Tangu siku hiyo muuzaji asinieleze habari za rangi wala kuwasha kwa kubonyeza. Naligeuza jiko juu chini. Miguu ya mpira iwe minene na imefungwa kwa skrubu. Ya gundi ikishalowa mafuta inabanduka. Kisha vile vyuma vinavyobeba sufuria: viwe vizito na vikae kwenye vishimo vyake. Vya waya mwembamba uliopakwa rangi nyeusi vinacheza hata kwa birika. Nenda na sufuria yako na mwiko wako dukani, bandika, songa hewa. Watacheka. Mimi nilichekwa duka zima, na majiko mawili kati ya matano yalikimbia.

Namba moja kwangu ni la kuzamisha kwenye kaunta, kwa sababu halina pa kwenda. Chukua lenye kifaa cha kukata gesi pale moto unapozimika, maana upepo wa ziwa ukiingia dirishani jioni, moto mdogo unazimika kimya kimya. Mimi ni mtu wa majiko ya Westpoint na sifichi: la mama linasonga ugali tangu niko sekondari, nami nimezamisha la jina hilo hilo. Fundi apime tundu kwa jiko lenyewe mkononi, kaunta ikishakatwa haishonwi.

Mpangaji asiyeweza kutoboa kaunta ya watu achukue la mezani la stenlesi. Yakifanana mawili, nyanyua yote, ondoka na lililo zito.

Umeme naweka wa tatu. Presha kuka ya umeme kwa maharage sina ugomvi nayo, ila ugali husongi humo. Yale ya indaksheni, yanayopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, hayapashi sufuria za alumini, ndizo tulizonazo wengi; weka sumaku chini ya sufuria yako, isiponata jiko hilo ni pambo. Na juu ni kioo kitupu, kwa hiyo tumerudi kule kule kwenye kuteleza.

La kukaa juu ya mtungi wa kilo 6 ni la chai na mayai. Basi.

Mtungi wenyewe usiufungie kabatini chini ya sinki kwa kutafuta nafasi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini humo ikikusubiri na kiberiti chako. Wangu wa kilo 15 uko nje kwenye kizimba, bomba limepenya ukutani.

Sasa wauzaji. Siku ya tatu nilirudi na lile la kioo. Kijana akanionyesha risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Garantii ya mwaka? Ipo, ila haihusu kioo wala miguu. "Mama, tumia sufuria yenye mkono." Nikatoka, duka la tatu kutoka hapo jiko lile lile mdogo wangu akatajiwa 70,000. Yeye alikwenda na kanga. Mimi nilikwenda na mkoba wa ofisini.

Liko uvunguni. Anayetaka la kuchemshia chai aje na 40,000. Wa ugali simuuzii.