Miezi mitano na cherehani ya mkono: nilinunua rangi, mlio nikaupata Magomeni

Nianze na bei, maana ndiyo kila mtu anauliza kwanza. Shilingi 190,000, Singer 99K kuukuu ya kuzungusha kwa mkono, pamoja na sanduku lake la mbao lenye mgongo wa kuba. Muuzaji nilimpata mtandaoni, ni mtu wa vitu vya kale. Akaniambia imeshafanyiwa matengenezo yote, kazi yangu ni kutia uzi tu. Picha ndizo zilizonimaliza. Nyeusi tii, inang'aa, maandishi ya dhahabu ubavuni. Nikatuma hela kabla sijauliza swali hata moja la maana.

Swali la maana lilikuwa moja tu: inaliaje?

Na nilipaswa kulijua. Nimekulia Tanga kwa bibi mzaa mama, na kazi ya kwanza niliyopewa duniani ni kuzungusha cherehani. Bibi alishona foronya, magauni ya watoto, na alipinda kanga za karibu mtaa mzima. Cherehani ya mkono ina udhia wake: mkono wa kulia ukizungusha, wa kushoto unabaki peke yake kuongoza kitambaa. Kwa hiyo kazi ikiwa ndefu aliniita, "Njoo mume wangu, njoo unisaidie," nikakaa upande wa gurudumu nikazungusha, yeye akapata mikono yote miwili ya kushikia nguo. Nikikimbia nilikula kofi la paja. "Unamkimbiza nani? Sikiliza!"

Alichotaka nisikilize ni mlio. Cherehani nzima inakwenda tiki-tiki-tiki, nyepesi, sawasawa. Ikianza kukwaruza, au kugonga, bibi alisimama palepale. Alifungua kibati kilicho juu ya bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, akatoa vumbi la nyuzi, akachovya unyoya wa kuku kwenye kichupa na kudondosha mafuta tundu moja baada ya jingine. Mafuta ya cherehani, si ya nazi. Shangazi alishawahi kutia ya nazi siku bibi hayupo, yakaganda ndani, na habari hiyo ilisimuliwa mpaka kwenye harusi za watu.

Mshahara wangu ulikuwa mabaki ya vitambaa. Dada zangu walishona watoto wa bandia, mimi nikashona mifuko ya gololi kwa sindano ya mkono, mishono mirefu ya kutisha. Bibi alipofariki, cherehani ilichukuliwa na ndugu mmoja, kisha mwingine, na leo hakuna anayejua iliko.

Sasa hii yangu. Niliibeba kutoka kituo cha daladala mpaka nyumbani na nikapumzika mara tatu njiani. Hiki si kitu cha kubeba na mfuko wa sokoni. Nikaiweka mezani, sikutia hata uzi, nikazungusha mara moja. Ikalia kama mtu anakwangua ukoko kwenye sufuria.

Nikachukua tochi. Rangi ile nzuri ilikuwa imepulizwa juu ya kila kitu, hadi matundu ya kutilia mafuta yalikuwa yamezibwa. Vile visahani viwili vya kukazia uzi vilikuwa vimegandana kwa rangi. Maandishi ya dhahabu yalikuwa stika mpya. Nikajaribu kushona hivyohivyo: juu mishono inaruka, chini uzi unafanya kiota cha ndege. Nilipompigia muuzaji akanijibu kwa upole kabisa kwamba wateja wake wengi huzinunua kwa mapambo.

Nimelifikiria sana jibu hilo, na kwa kweli hakunidanganya. Vitu vya bibi vimekuwa fasheni. Vile vitambaa vya makochi vilivyodariziwa ndege na maua, ambavyo tulivionea aibu tulipoanza kupata rafiki wa mjini, leo vinatiwa fremu. Cherehani zinawekwa dirishani kwenye mahoteli, nyingine zimegeuzwa miguu ya meza. Kitu kikishakuwa cha kutazamwa, anayekitengeneza anatengeneza sehemu inayotazamwa. Shida ni yangu mimi niliyetaka kupinda kanga.

Nikapelekwa kwa fundi mmoja wa Magomeni, mzee wa makamo, anashonea barazani na upande mmoja ana makopo ya vipuri. Nikamwamkia, akaitikia macho yakiwa kwenye sindano.

"Nani kakuwekea sindano hivi?"

"Imekuja hivyohivyo, mzee wangu."

"Huyo kazoea Butterfly."

Akanionyesha. Sindano ya cherehani ina upande mmoja bapa kwenye shina lake. Kwenye Butterfly, ambayo ndiyo iko kila kibaraza mjini, ubapa unatazama kushoto na uzi unaingia kwenye tundu kutoka kulia. Kwenye 99 ni kinyume: ubapa kulia, uzi unaingia kutoka kushoto. Ukiigeuza, mishono inaruka, na utailaumu cherehani mpaka uiuze. Akaigeuza, akakaza skrubu kwa ukucha kisha kwa bisibisi.

Halafu akatoa bobini, akaizungusha kwenye kiganja, akacheka. Nayo ilikuwa ya Butterfly. Kwa macho zinafanana, na ukubwa ni karibu uleule, ila bobini ya 99, ambayo madukani inaitwa namba 66, ina mashavu yaliyotuna kidogo. Ile ya Butterfly, namba 15, ni bapa pande zote. Ukiichomeka inaingia, ndiyo maana inadanganya watu, lakini inacheza ndani na kugonga. Akachakura kopo moja la maziwa, akapata nne zilizotuna. Mafuta ya taa yalifanya kazi ya siku mbili kulainisha uchafu ulioganda, matundu yakazibuliwa kwa sindano, na kile kipete cha mpira cha kujazia bobini kikabadilishwa kwa sababu kilikuwa kimekauka. Jumla 35,000. Nilipokwenda kuichukua hakuniambia imepona. Alizungusha tu, akaniangalia usoni.

Tiki-tiki-tiki.

Kazi ya kwanza nyumbani ilikuwa doti ya kanga iliyokaa kabatini tangu sijui lini, haijakatwa. Nilikata katikati, nikakunja kwa kucha, nikaanza. Mzunguko mmoja wa mkono ni mishono mitatu, kwa hiyo pindo moja linakula mizunguko zaidi ya 100, na doti ina mapindo manne. Hesabu hiyo inakuambia yote kuhusu mwendo wake. Lakini huo mwendo ndio unaokuruhusu kusimamisha sindano palepale unapotaka, mshono mmoja kabla ya kona. Pindo la nne lilitoka limenyooka kama la bibi. La kwanza tusilizungumzie.

Niseme isichoweza. Inakwenda mbele tu. Hii yangu haina mshono wa kurudi nyuma, nafunga mwisho wa kazi kwa kugeuza kitambaa. Haina zigizaga. Fulana za kuvutika hazifai, mishono inaruka hata sindano ikiwa sawa. Pindo la jinzi inapita, kwa sindano namba 16 na subira. Mwenye wateja wa kushonea atafute ya miguu. Lakini umeme ukikatika haina habari, na usiku nashona mtoto amelala chumba kileile.

Kuhusu jina: ile K baada ya 99 ni Kilbowie, kiwanda cha Singer kilichokuwa Clydebank, Scotland. Kilifungwa mwaka 1980, na stesheni ya treni ya pale mpaka leo inaitwa Singer. Kampuni hiyo ilieneza biashara ya kulipa kidogo kidogo tangu miaka ya 1850. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka bibi, aliyekuwa akisema cherehani yake aliilipa mpaka akasahau kama anadaiwa. Nilidhani ni utani wake.

Mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja sasa anakuja Jumamosi. Kumbukumbu zangu hazimhusu, anachotaka ni mifuko ya vitenge ya kuwauzia wenzake. Ameshavunja sindano tatu na kupoteza bobini mbili kati ya zile nne, na mifuko yake, ukweli usemwe, inauzika.

Nyota basi. Cherehani yenyewe naipa nne na nusu, hiyo nusu imeliwa na uzito. Fundi, tano. Ukarabati niliouziwa, moja, kwa ajili ya sanduku, ambalo kweli walilipiga msasa vizuri.

Wiki iliyopita yule muuzaji alinitumia ujumbe: kapata nyingine, ya miguu, ina meza yake kamili, kaka nakuwekea wewe kwanza. Nikamwomba anirekodie sauti ikizungushwa bila kitambaa, nusu dakika tu. Akanitumia picha sita.