Kabati refu la droo la zamani: mninga au mkulo?

Ukitafuta kabati la droo la kizamani hapa Moshi, lile refu la kufika kifuani, mara nyingi utachagua kati ya mbao hizi mbili.

Mkulo ni mti wa kwetu, wa misitu ya mvua ya Kilimanjaro. Mbao yake huanza na rangi ya manjano, kisha miaka inaipa kahawia iliyokolea. Vuta droo uiname: ukisikia harufu kama ya kafuri, umeupata. Kwa shuka na vitenge sijaona mbao nzuri zaidi.

Lakini mimi ningechukua mninga. Ukishakauka vizuri, hautanuki wala kusinyaa sana, na kwa kabati lenye droo sita au saba hilo ndilo jambo kubwa. Masika yakiingia, droo za mbao nyingine hukwama hadi unavuta kwa mguu. La mama yangu ni la mninga. Hata mwezi wa nne linafunguka kwa kidole kimoja, na kinachopakwa kwenye reli ni kipande cha mshumaa tu.

Uzito wake ni kero, kweli. Toa droo zote kabla ya kulibeba.

Kwa lolote kati ya hayo, angalia mgongoni na chini. Sehemu nyeupe ya mninga hupendwa na wadudu. Ukiona vitundu vidogo na unga mpya sakafuni, usilipie.